Ngao ya Kuanzia

Olek alipiga simu kutoka Norwei saa tano usiku.
Mikono bado yanuka samaki, alisema, sabuni tatu hazijafua dafu.
"Mama, washa mashine. Leo tunakuumba."

Nikacheka. Mwana amzae mama!

Skrini ikanipa msichana asiye na kunyanzi.
Nikamtia mvi, nikamtia pua ya ukoo wetu,
nikamwita Bronka, jina la shangazi aliyewahi kumpiga mbwa mwitu kwa ndoo.
"Uzuri haukingi upanga," Olek akasema. "Njoo kwenye pointi."

Nilizitaka zote kwenye uchawi.
Nani asiyetaka moto kiganjani
hapa Wałbrzych, ghorofa ya nne, Januari,
na bomba la joto lapoa kabla sijalala?

"Hapana. Uchawi ni wa wajuao kukimbia.
Tia kwenye uhai. Tena. Tena, Mama.
Halafu pumzi, kwa sababu ngao hula pumzi.
Nguvu kidogo, kiasi cha kuinua mkuki:
mkuki huchoma ngao ikiwa juu, hujifunui.
Vaa chuma, ila kisizidi,
kikizidi utabingirika kama gunia la viazi.
Na ukipiga, piga moja, rudi.
La pili ndilo linaloua."

Nikanyamaza.
Sauti hiyo naijua.
Vaa sweta. Vaa na lile jingine.
Kula kwanza. Usiwajibu wale wa kona ya duka.
Miaka ishirini nilijaza uhai wa mtu mmoja
nikidhani hasikii.

Nilikufa darajani mara kumi na moja.
Mara ya kumi na mbili nilianguka mwenyewe, hakuna aliyenigusa.
Jirani Jadwiga aligonga ukuta,
nami nikamgongea, kwa heshima.
Kuvunjika koleo, nikajiambia, si mwisho wa uhunzi;
lakini koleo langu lilivunjika, likavunjika,
hadi Olek akacheka, akakohoa, akasema zamu inamwita.

Alhamisi hakupiga.
Ijumaa hakupiga.

Jumamosi nilishuka peke yangu kwenye kanisa lililozama,
anakokaa yule mwenye kengele mgongoni,
mrefu kama bomba la moshi la mgodi uliofungwa.
Mgongo ukutani, ngao juu, sikupiga.
Nilitazama.
Miaka thelathini kiwandani nilitazama vikombe vya kaure
vikipita kwenye mkanda, kimoja, kimoja,
na jicho langu hujua ufa kabla haujawa ufa.
Basi nikauona:
baada ya mlio wa tatu bega lake la kushoto hushuka,
kidogo, upana wa uzi.

Choma. Rudi.
Mlio, mlio, mlio.
Choma. Rudi.
Supu ikaungua jikoni. Acha iungue.
Mkono ulinisihi, moja zaidi, yuko karibu,
nami nikaukaripia kama mtoto mbele ya sahani ya wageni.
Choma.

Kengele ilipasuka kwa sauti ndogo kuliko nilivyotarajia.

Hakukuwa na mtu wa kumwambia.
Nilisimama sebuleni na soksi mbili mbili,
Bronka naye amesimama majini,
pointi mkononi, hakuna anayetuamrisha.

Uhai, uhai, uhai, pumzi.
Ya mwisho nikaitia kwenye uchawi.
Moja tu. Haiwashi hata njiti ya kiberiti.
Nimeitia.

Jumapili simu ililia.
Walikuwa wameongezewa zamu, sauti imekauka.
"Umeziweka wapi?"
"Kwenye uhai," nikasema.
"Zote?"
Nje theluji ilikuwa ikifunika magari, moja moja.
"Na wewe," nikamuuliza, "umekula?"
Akakaa kimya, kidogo, upana wa uzi.
"Nimekula, Mama."

Nikainua ngao yangu.
Sikumpiga la pili.