Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Akidi ilitimia saa nne na robo,
baada ya mjumbe wa saba kupigiwa simu mara tatu,
akaja na harufu ya vitunguu mikononi.
Ukumbi wa skuli, Wete. Feni moja inazunguka, moja inafikiri.
Mie karani. Kazi yangu kuandika kilichosemwa
kwa namna ambayo hakuna aliyekisema.

Ajenda namba nne: ghala kuukuu la karafuu, pwani.
Kampuni inaomba kuvunja, ijenge vyumba arobaini
na gati ya mbao ya kuotea jua.
Mhandisi Ussi akatandaza ramani
kama anayemtandikia mgeni kitanda.
Bahari kaipaka buluu ya shuka za hospitali,
mikoko kaifanya vidoti,
na sisi, na vyoo vyetu na kuku wetu,
tumeandikwa "eneo la nyuma".

Nikaandika: Mwombaji aliwasilisha mpango.

Fundi Makungu hakuleta karatasi.
Alileta kiroba, akakimwaga mezani:
kipande cha ukuta, chokaa na jiwe la matumbawe,
kikubwa kama kichwa cha mtoto.
"Gongeni," akasema. "Saruji yenu ina miaka sita pale bandarini
na ishaanza kutapika chuma.
Hiki kimekula chumvi tangu babu wa babu yangu hajatahiriwa,
na hakijaumwa tumbo."
Wajumbe wakacheka. Mhandisi akapuliza vumbi kwenye ramani yake,
vumbi likahamia kwangu, ukurasa wa tatu.
Nikalifuta kwa kidole kibichi, likawa tope.

Nikaandika: Mjumbe alishauri uimara wa jengo uzingatiwe.

Mwenyekiti, Bi Shuwena, keshashika nyundo yake ya kufungia hoja
pale Bi Bikombo alipoinuka kiti cha nyuma.
Hakuomba nafasi, aliichukua.

"Mnagombania ghala. Nani kati yenu alifagia mle?
Mie nilikuwa na miaka tisa. Mama abeba, mie nafagia.
Mizani ile ilikuwa na kidole:
zikilala pishi kumi, zaamka saba.
Tukitoka tunapapaswa kanga,
punje moja ikidondoka, ujira wa siku umekwenda.
Leo mwataka kulipaka chokaa, muliite urithi,
mweke na mtu mlangoni auze tikiti."

Mhandisi akatabasamu. Alidhani kapata kura.

"Na wewe usichekelee," akamgeukia.
"Ukuta wa kusini, nyuma ya yalipopangwa magunia,
wanawake walikuwa wakipiga mistari kwa mkaa,
pishi moja mstari mmoja, hesabu yao wenyewe,
maana daftari la bwana mizani halikujua kuhesabu.
Mama hakusoma. Mistari yake imo.
Hilo mnalotaka kuvunja ni deni.
Likishalipwa, vunjeni."

Feni iliyokuwa ikifikiri ikazunguka kidogo, ikaacha.

Kalamu yangu nayo.
Niandikeje? Deni la nani, kwa shilingi ya mwaka gani,
lilipwe dirisha lipi?
Na ndugu yangu Mbwana kaahidiwa ulinzi hotelini,
keshapimwa hata viatu.
Hilo pia sikuliandika.

Kura: tatu kwa tatu,
wa saba katoka nje kuulizia bei ya vitunguu vyake.
Mwenyekiti akautazama mlango, akaitazama saa.

Nikaandika: Mwananchi mmoja alitoa maoni. Yalipokewa.
Kikao kiliahirishwa.

Alasiri nikapita ghalani. Mlango una kufuli, dirisha halina.
Ukuta wa kusini una ukungu, una majina ya wapenzi,
una tangazo la mpira wa mwaka juzi.
Na mistari. Nikaanza kuihesabu,
nikafika mia mbili na kitu,
bamvua likaingia chini ya mlango, likanilowesha soksi,
hesabu ikanipotea.

Jumatatu nilitoa nakala saba.
Ukurasa wa tatu, baina ya "uimara" na "uzingatiwe",
pana baka,
nakala zote saba, baka lilelile.
Mjumbe wa vitunguu akaliwekea ukucha: "Hiki nini hiki?"

Nikamwambia: mashine.