Ukurasa wa Sitini na Moja

Darasa la sita, kijijini kwetu Sikonge,
kitabu kimoja cha hesabu, vichwa kumi na vinane.
Sisi wa ng'ambo ya dawati
tulikisoma juu chini.
Tulizoea.

Ukurasa wa sitini na moja haukuwapo.
Asilimia.
"Tutarudi hapo," alisema Mwalimu Kasanda.
Akahamishwa Juni.

Jana sokoni, karani wa kampuni,
kijana wa Tabora mjini,
shuleni kwao kila mtoto na chake,
alipima mtumba wangu wa tumbaku,
akabonyeza kikokotoo:
"Unyevu, mzee. Asilimia kumi na mbili. Makato."

Nilikuwa ng'ambo ya meza.
Tarakimu zote nilizisoma,
juu chini, bila kukwama.
Nikatia saini
kwa mwandiko mzuri.