Yadi Kumi na Mbili

Wananiita Komeo mpaka leo pale Isevya.
Muuza mkaa ananiita, mhudumu wa zahanati ananiita,
nami nimeitika miaka arobaini na kitu
bila kumwambia mtu kwamba nusu ya jina hilo ni ya mvua.

Daftari ninalo. Jalada lilikwenda na mchwa,
lakini penalti zimo, kwa mwandiko wa marehemu Kapela, katibu wa timu:
thelathini na moja dhidi yangu, kumi na saba hazikuingia.
Kumi na saba! Siku hizi kipa akidaka mbili kwa msimu
anabebwa juu juu kama bwana harusi.

Sasa sikia ambacho daftari halisemi.
Tisa kati ya hizo zilipita juu ya mtambaa wa panya
zikatua kwenye matuta ya viazi ya jirani.
Kapela hakuzitenganisha. Nami sikumkumbusha.

Mpira ulikuwa ngozi, kazi ya fundi viatu wa Ng'ambo,
una kamba kifuani kama gunia.
Tuliupaka nta ya nyuki wa Sikonge usinywe maji,
na bado ulikunywa.
Mpigaji wa Urambo, jitu la kubeba marobota ya tumbaku,
alirudi nyuma nusu uwanja, akaja mbio kama anadaiwa,
akatia dochi kwa kidole kitupu.
Mpira ukajikokota, ukanijia wenyewe mikononi,
yeye akakaa chini ameshika kucha.
Kapela akaandika: Kadaka.

Na nani alipiga? Yeyote mwenye paja nene.
Nahodha aliangaza macho huku na huku,
kama mtu anayetafuta wa kusukuma lori:
"Wewe, una nguvu, nenda."
Hakuna aliyeifanyia penalti mazoezi.
Ingekuwa kama kufanyia mazoezi msiba.

Sasa Nyamizi,
binti wa Shilinde fundi redio, miaka kumi na saba,
njumu zake za mtumba, ndani zimeandikwa jina la mtoto asiyemjua.
Ukuta wa bohari la reli ameuchora miduara kwa chaki,
mitatu kushoto, mitatu kulia, yote chini.
Mia na hamsini kila jioni.
Treni ya mizigo ikipita anasimama;
behewa la mwisho likiisha anaendelea na hesabu alipoiachia.
Hatua nne. Kila mara nne.
Anapiga kwa ubavu wa mguu,
kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke.
Mdogo wake anamrekodi kwa simu ya kioo kilichopasuka,
kisha wanachuchumaa wanatazama kifundo cha mguu,
wanarudisha nyuma, wanatazama tena,
wanabishana kama mafundi saa.
Mpira wao haunywi maji. Utupe kisimani, utaelea, utakucheka.

Msiniambie vijana wamepata nguvu.
Yule wa Urambo angembeba Nyamizi na njumu zake kwa mkono mmoja.
Ila huyu amekwisha kukosa mara elfu, peke yake, ukutani,
mahali ambapo hakuna Kapela wa kuandika.

Juzi akaniambia: "Komeo, simama golini."
Magoti yalikataa, sifa ikayaburuta.
Nikamsoma nyonga, nilivyowasoma wote.
Nikajua: kulia, chini.
Nikaenda kulia, chini,
nikaenda mapema, nikaenda vizuri,
vidole vikagusa upepo wa mpira, si mpira.

Nililala pale, mdomo umejaa mchanga,
nikimsubiri acheke.
"Ulienda sahihi," akasema, akaufuata mpira wavuni.
"Tena?"

Usiku nikafungua daftari ukurasa wa mwisho,
nikaandika mwenyewe, herufi zinapinda:
Ya thelathini na mbili. Nyamizi Shilinde. Imeingia.
Nikafunga. Nikafungua tena, nikaongeza:
Kipa alijua.