Plagi Sita Juu ya Gazeti

Nahuel Andersen alizifungua moja moja,
akazipanga juu ya gazeti la Jumapili
katika karakana yake ukingoni mwa Tres Arroyos,
pale upepo unapopeperusha makapi ya ngano hadi ndani ya kikombe.
Ya tatu na ya nne: nyeusi, zimelowa, zimevimbiwa.
Ya pili na ya tano: zina nafuu.
Ya kwanza na ya sita: nyeupe kama mfupa uliosahauliwa juani.

"Umeona?" akasema. "Hizi za katikati zinakula.
Za pembeni zinasikia harufu."

Nilicheka, kisha sikucheka.
Falkoni hii ya baba, ya mwaka sabini na nne,
ina pistoni sita katika mstari mmoja
na bomba moja la kuzigawia pumzi,
limesubiwa pamoja na silinda hedi, halitoki,
na kabureta moja imekaa katikati
kama sufuria ya mama kwenye meza ndefu.
Mimi ndiye niliyekaa mwisho wa benchi.
Supu ilinifikia ikiwa maji
na kumbukumbu ya nyama.

Ovidio alipiga simu kutoka Bahía Blanca.
"Tatu!" akasema. "Kabureta tatu, za kulala ubavu,
na ekzosi pana kama paja langu.
Ingurume mpaka majirani wahame!"
Ovidio ni kifungua mimba wetu.
Hakumbuki kwamba wa kwanza naye alikaa pembeni;
ila yeye alikuwa na mkono mrefu.

Mimi nafuga nyuki. Navuta trela la mizinga
kwenye njia ya vumbi, kutoka alizeti hadi alizeti,
kwa gia ya pili, saa kumi alfajiri, wenyewe wamelala.
Kabureta tatu ni wake wenza:
ukimkosea mmoja, siku hiyo hapikwi.
Na bomba pana mno si nguvu. Nahuel alinionyesha
kwa kupuliza mrija, kisha kupuliza ndoo.
"Moshi ukipoteza mbio, injini inapoteza msuli huku chini.
Na huku chini ndiko unakoishi."

Akalikata lile bomba mgongoni, milimita kwa milimita,
akalifunga bamba la alumini, na juu ya bamba
kabureta moja yenye koo mbili, ya mtumba,
aliyoiosha kwa petroli mpaka shaba ikatabasamu.
Kwa upande wa ekzosi akapinda mabomba sita,
membamba, urefu sawa:
matatu ya mbele yakutane peke yao,
matatu ya nyuma peke yao,
ndipo yawe njia moja chini ya kiti changu,
asigongane mtu mlangoni.

Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.
Ndivyo zinavyowaka. Nikazihesabu kwa majina,
sikio likiwa juu ya boneti:
Ovidio, Horacio, Elvio, mimi, Zulema, Nélida.
Wa sita kuzaliwa, lakini zamu yangu ni ya nne.
Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nililipa nusu kwa pesa, nusu kwa asali,
na debe moja nikabaki nadaiwa.
Mlima mdogo wa kuelekea Claromecó, ambao si mlima
ila kwa mwenye mizinga arobaini nyuma yake,
tuliupanda bila kushusha gia.
Ovidio akaandika: *Inanguruma?*
Nikamjibu: *Inashiba.*

Kilomita mia mbili baadaye, kando ya uzio wa ng'ombe,
nilizifungua mwenyewe, vidole vikiungua.
Nne zina rangi ya ganda la mkate.
Ya kwanza imenona, bila shaka.
Ya sita bado imepauka kidogo.
Niliishika mpaka ikapoa.
Kisha nikairudisha mahali pake,
nikaikaza kwa mkono, halafu kwa spana,
robo mzunguko tu.