Ya Saba Imenyamaza
Piroska amesimama kwenye lami iliyopasuka,
uwanja wa ndege za kivita ambazo hazitarudi,
nje kidogo ya Debrecen, Februari, pua imemganda.
Droni kumi na moja zimepanda.

Hakuna nahodha. Alizinyima nahodha makusudi.
Kila moja yawajua jirani zake tu, watatu au wanne,
na kila jirani husema neno moja: nilipo.
Siyo nilipo, hasa. Nilipokuwa.
Maana neno hukawia njiani, kufumba na kufumbua,
na kufumba na kufumbua, kwenye upepo huu, ni mita mbili.

Basi zimejifunza kusikia kwa kukadiria:
uliniambia uko pale, ukielekea kushoto,
nami nakupisha mahali ambapo hujafika.

Ya saba inanyamaza. Antena, labda barafu.
Barnabás anairukia kompyuta. "Nazishusha!"
Piroska anainua glovu: ngoja.

Kundi linayumba, linafunguka kama ngumi iliyochoka,
kisha nafasi inaachwa kumzunguka bubu,
pana kuliko inavyohitajika,
adabu ya wasioambiwa kitu.

Anamkumbuka baba yake, kiharusi kilipomnyang'anya maneno,
na jinsi walivyopishana jikoni, miaka miwili,
bila kumwaga hata tone la supu.

Zinatua. Kumi, halafu moja.
Barnabás anahesabu tena.
Piroska anaandika daftarini kwa kalamu inayogomea baridi:
*Ya saba, antena. Nyingine hazikuuliza.*