Safu ya Sababu

Fomu ya manispaa ina safu saba:
jina, kitambulisho, namba ya kiwanja,
kilichopotea, thamani yake kwa riali,
kisha moja nyembamba, upana wa vidole viwili,
imeandikwa juu: SABABU.
Ya mwisho ni sahihi.

Siku ya nne baada ya kimbunga nimekaa darasani, Kurayati,
kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga ubao.
Foleni imefika hadi bomba la uani.
Matope yamekauka kwenye kanzu za watu.

Hamdun amepoteza mbuzi kumi na mmoja na friji.
Sababu?
"Andika riba. Mji mzima unakula riba."
Nikamuuliza mbuzi walikopa benki gani.
Hakucheka. Nami nikajuta papo hapo.

Mwenye duka la simu anasema ni jicho:
alifungua tawi la pili mwezi wa Shaabani
na jirani hakusema mashallah.

Mwalimu wa jiografia anasema bahari ina homa,
nyuzi thelathini na moja;
anachora duara hewani kwa kidole,
linazunguka kinyume cha saa.
Nyuma yake sauti: "Na homa, nani anaileta?"
Mwalimu akanyamaza.
Hakushindwa. Mtoto wa dada yake hajaonekana.

Rafiqul, mtunza mitende, hana kiwanja.
Kwao, anasema kwa Kiarabu chake cha shambani,
maji huja kila mwaka na huitwa maji.
Anataka viatu tu.

Ndipo akaja Bi Ghania, mzaliwa wa Wete,
akanisemesha Kiswahili mbele ya wote
kama mtu anayerudisha mlango taratibu.
"Mwanangu, andika: Mwenyewe amepita."
Mwenyewe nani, bibi?
"Mwenye wadi. Nilipoletwa hapa bibi harusi
mama mkwe alinionya: mtoto usimlaze pale penye mchanga mweupe.
Yule hupita kila miaka arobaini,
hapigi hodi, ukuta haujui.
Wakacheka waliosoma. Wakamjengea njiani pake
nyumba kumi na tisa na kituo cha petroli."

Nikaandika. Kalamu ikasita kwenye arobaini.

Namba hiyo naijua.
Imo kwenye ripoti ya jalada la kijani, ofisini kwetu.
Mhandisi alipima mawe, akahesabu tabaka za udongo,
akaandika, bila jini hata mmoja:
furiko kubwa, kwa wastani, mara moja kila miaka arobaini.
Viwanja visigawiwe chini ya mstari mwekundu.

Ripoti ile tuliitumia kuzuia mlango usibamize.
Bi Ghania tulimwita mshirikina,
mhandisi tukamwita mwoga.

Na muhuri wa viwanja kumi na tisa
unalala kwenye droo yangu.
Mpini wake wa mbao umebonyea
pale kidole gumba changu hukaa.

Nani alituma mvua, sijui.
Hilo nawaachia Hamdun na mwalimu, wana usiku mrefu.
Mvua sikuiita, wala nisingeweza kuirudisha.
Lakini kati ya mvua na kitanda cha mtoto
palikuwa na karatasi,
na karatasi hiyo ilipita mkononi mwangu
siku ya Alhamisi, nikiwa na haraka ya kwenda harusini.

Jioni nimebaki na fomu mia mbili na sita.
Safu nyembamba imejaa:
kudra, hasadi, joto la bahari, kudra,
kalvati lililoziba, riba, kudra, Mwenyewe.
Mtu mmoja amechora alama ya kuuliza
akaikoleza mpaka karatasi ikatoboka.

Fomu moja imebaki tupu. Nimeijaza.
Kilichopotea: hakuna.
Thamani: sifuri.
Sababu: nimeandika jina langu, la baba, la babu na la ukoo.
Halikuenea vidole viwili,
likavuka mstari
likaingia kwenye sahihi.