Kipande cha Pili

Bi Mwanakombo Shee, karani wa bandari mstaafu,
alipiga taipu miaka thelathini na moja
orodha za mizigo asiyopata kuiona.
"Nalijua tahajia ya kila kitu," asema,
"sikujua harufu ya hata kimoya."
Kwa hiyo alinielewa upesi nilipomwambia
nimeunda programu inayosoma mashairi bila kuyaelewa.

Niliiandika Makadara, chumba cha juu ya duka la mahamri,
feni ikizunguka kama inatafuta kitu ilichosahau.
Sarufi yake yaenea kiganjani:
shairi ni ubeti, au ubeti kisha shairi;
ubeti ni mishororo minne;
mshororo ni kipande, koma, kipande;
kipande ni mizani nane, ya mwisho ndiyo kina.
Basi. Hakuna mahali palipoandikwa huzuni.

Akavuta kibodi, akatunga papo hapo,
meno ya bandia yakigongana kwa raha:

    Jiwe lilinung'unika, rangi ya usingizini,
    Kamusi ikapikika, pilau iwe shuleni,
    Ijumaa ikacheka, kwa meno ya kikapuni,
    Nusu ya pembe yawaka, tatu zimo mfukoni.

Programu ikajibu: SAWA.
Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Ni kama askari wa feri pale Likoni, nikamwambia,
hupekua mkoba, hapekui safari.
Waenda harusini, waenda kuzika, kwake ni zipu tu.

"Na kifaru?" akauliza.
Kifaru gani?
"Kifaru amekufa. Kifaru kimekufa.
Mmoya ana pembe, chengine kina mzinga.
Hiyo *a* na hiyo *ki*, ni kazi ya umbo au ya maana?
Mashine yako itachagua vipi, nayo haijui nani hupumua?"

Nikanyamaza. Swali hilo nalijua tangu chuoni Tudor,
ambapo mwalimu alichora mstari ubaoni,
huku umbo, huku maana,
kisha akaandika jina lililotumika kabla ya kutangazwa
juu ya mstari wenyewe, hasa juu yake,
akapangusa chaki mikononi, akaenda kusali adhuhuri.
Kila alama iko mahali pake, sarufi imeridhika,
ila jina lile laita
na hajazaliwa wa kuitika.

Stima ikapotea, ikarudi.
Bi Mwanakombo alikuwa ameshatoa simu,
ile ndogo ya vibonye, kioo kimepasuka,
ananakili kwa kidole kimoja
ujumbe wa Badi, mwanawe, kutoka Dammam.
Hakuniambia ni wa lini. Mtaa mzima wajua
hakuna uliokuja baada yake.

    Nimefika. Usilie.

Nikahesabu kimoyomoyo, mazoea mabaya:
ni-me-fi-ka, u-si-li-e.
Nane kamili, na kijana wa watu hakukusudia.
Programu ikakawia kidogo, ikaandika kwa rangi nyekundu
maneno niliyoyachagua mwenyewe
Jumapili moja asubuhi, nikila mbaazi, sina habari:

    KOSA, MSHORORO WA 1: KIPANDE CHA PILI HAKIPO.

Haikumaanisha lolote. Ilitafuta koma, ikaikosa.
Yeye akasoma polepole, midomo ikimtikisika,
akasoma tena.
"Hakipo," akasema. "Naam. Hapo imefahamu."

Nilikuwa na maelezo tayari, marefu,
juu ya upande upi wa mstari maana hukaa,
na kwamba ni yeye aliyeileta, mashine ilileta umbo tu.
Nikayameza.
Akaomba nimchapishie karatasi moja,
ujumbe pamoja na kosa lake, lisifutwe.

Kifaru bado sijamtatua.
Au sijakitatua.